Nibadilishe prosesa na bodi mama, au niongeze RAM kwanza?

Swali la msomaji: "Nina kompyuta ya mezani niliyoiunda mwaka 2017. Prosesa ni Core i5-7400, bodi mama ya B250, RAM ya DDR4 GB 8 kijiti kimoja, hadi diski (hard disk) ya TB 1, kadi ya grafiki GTX 1060 ya GB 6 na pawa saplai ya wati 450. Nahariri video za 1080p, mara mojamoja 4K za simu, na usiku nacheza gemu. Siku hizi imekuwa nzito: ikiwaka inachukua dakika kadhaa kutulia, na video ya dakika kumi inanichukua muda mrefu mno kuitoa. Bajeti yangu ni finyu. Fundi ameniambia nitafute i5-8400 iliyotumika kwa kuwa soketi ni ileile. Rafiki yangu anasema nitupe kila kitu nianze upya na DDR5. Nifanye lipi? Na nikibadilisha bodi, lazima nipige Windows upya?"

Jibu

Ndugu yangu, kama bado hujailipia hiyo i5-8400, usiilipie. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kukupotezea hela leo hii. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Fundi wako hakukosea aliposema soketi ni ileile. Prosesa zote mbili hukaa kwenye soketi ya LGA 1151, na ukiziweka mezani ni kama mapacha. Lakini i5-8400 haitawaka kwenye bodi yako. Kizazi cha 8 kilipotoka Oktoba 2017, Intel ilibadilisha kazi za baadhi ya pini, hasa za umeme, na ikaziruhusu prosesa hizo kwenye bodi za mfululizo wa 300 tu. B250 ni ya mfululizo wa 200, nayo inapokea kizazi cha 6 na cha 7 basi. Wapo waliouvuka mpaka huo kwa kubadili BIOS (programu ndogo ya bodi inayoiwasha kompyuta) na kubandika tepu nyembamba juu ya baadhi ya viguso vya prosesa. Hiyo ni kazi ya kufanya kwenye bodi ya akiba, si kwenye kompyuta unayoitegemea. Siku zote, kabla ya kununua prosesa yoyote, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta jina kamili la bodi yako, kisha fungua orodha ya prosesa inazozikubali. Kama haimo, hilo limekwisha, hata kama inaingia kwenye soketi bila kulazimishwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Umeniandikia matatizo mawili ukayaweka kwenye sentensi moja, nami nataka tuyatenganishe: kompyuta kuchelewa kutulia ikiwaka, na video kuchelewa kutoka. La kwanza karibu nina hakika halihusiani na prosesa. La pili huenda linahusiana. Ukiyachanganya utalipia dawa ya moja ukitarajia liponye yote mawili.

Niliwahi kuletewa kompyuta inayofanana sana na yako. Mwenyewe aliagiza kabisa: badilisha prosesa, badilisha bodi. Nikafanya kama alivyotaka, nikairudishia hadi diski yake ya zamani na RAM yake ileile, nikamkabidhi. Baada ya wiki akarudi, amenyong'onyea. Programu ya kuhariri ilikuwa bado inafunguka kwa mwendo uleule, na alikuwa amemaliza pesa yote. Tulipomwekea SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ndipo alipoiona kompyuta aliyodhani ameinunua. Toka siku hiyo sigusi bodi ya mtu kabla hatujakaa pamoja mbele ya skrini tukapima.

Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Fungua mradi mmoja wa video unaokusumbua kweli, na kivinjari kiwe wazi na kurasa zako kama kawaida. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nenda sehemu ya utendaji. Halafu fanya kazi zako kwa dakika kumi huku unaitupia jicho.

Kwanza angalia RAM. Kwa GB 8, natarajia utaikuta imejaa kwa asilimia 85 au 90 kabla hata hujaanza kukata video. Windows inapokosa nafasi ndani ya RAM huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, huku na huko. Kisha angalia diski: ukiikuta imesimama kwenye asilimia 100 huku kasi ya kusoma ni MB 2 au 3 kwa sekunde, usishangae. Hadi diski hiyohiyo ikisoma faili moja kubwa lililonyooka hufikisha MB 100 hadi 200 kwa sekunde. Ikiombwa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, kichwa chake cha kusomea hutumia muda mwingi kurukaruka kuliko kusoma. Kuwasha Windows ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Kufungua programu ni hivyohivyo. Na RAM iliyojaa inapotupa mizigo yake diskini, diski inaadhibiwa kwa upungufu usio wake. Hapo ndipo dakika zako za asubuhi zinapopotelea.

Halafu prosesa, na hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Grafu ya jumla inaweza kuonyesha asilimia 30 tu, ukadhani prosesa imepumzika. I5-7400 ina viini vinne (sehemu zinazofanya kazi kila moja kivyake) na nyuzi nne (kazi inazoweza kuzishika kwa wakati mmoja), kwa hiyo kiini kimoja kikizidiwa kabisa kinaonekana kama asilimia 25 ya jumla. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuona prosesa moja moja, uone mistari minne badala ya mmoja. Kama mmoja umegonga dari huku mingine imelala, kazi hiyo inategemea kasi ya kiini kimoja, na kununua prosesa yenye viini vingi visivyo na kasi zaidi hakutakusaidia. Kama yote minne imegonga dari unapotoa video, basi hapo prosesa kweli imezidiwa.

Ukiwa palepale, soma namba ya GHz wakati video inatoka. Prosesa yako imeahidiwa 3.0 ya msingi na hadi 3.5 ikipata nafasi. Ukiiona inashuka chini ya 3.0 huku kazi imepamba moto, shuku joto kabla ya kitu kingine. Pesti ya kupoozea ya mwaka 2017 imeshakauka, na mapezi ya kipoozeo huenda yamefunikwa na vumbi lililoshikana kama kitambaa. Zima, chomoa waya wa umeme, safisha kwa brashi laini na hewa huku umeshika feni isizunguke, futa pesti ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kazi hii haigharimu kitu cha maana, na nimeona kompyuta zilizoponywa nayo peke yake.

Kwa upande wa gemu kuna jaribio jepesi zaidi. Cheza sehemu inayokwama, kisha shusha ubora wa picha na resolusheni hadi chini kabisa, urudie palepale. Fremu kwa sekunde zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa inabana, na prosesa mpya isingekupa kitu. Zikibaki vilevile, prosesa ndiyo imeishiwa. GTX 1060 ilitoka 2016. Kwa gemu mpya nzito mara nyingi yenyewe ndiyo ya kwanza kuchoka, lakini gemu za mtandaoni zenye wachezaji wengi huwa zinaikaba zaidi prosesa ya nyuzi nne. Ndiyo maana siwezi kukujibia hili nikiwa mbali. Jaribu, utajua mwenyewe ndani ya robo saa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi ningeanza na SSD na RAM, na bodi ningeiacha ilipo kwanza. Sababu si kwamba ni nafuu tu. Ni vitu viwili utakavyovihamishia kwenye bodi inayokuja, kwa hiyo hela uliyoweka leo haifi. Hela ya i7 ya kizazi cha 7 ingekufa pamoja na B250 yako.

Kwa SSD, fungua kijitabu cha bodi uangalie kama ina nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba juu ya bodi) inayokubali NVMe, aina ya SSD iliyo na kasi zaidi. Bodi nyingi za B250 zinayo. Kama ipo, nunua NVMe. SSD ya SATA huishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 hufikia karibu 3,500, ingawa kwa kuwasha Windows na kufungua programu hutaiona tofauti hiyo kama unavyoiona ukitoka hadi diski kwenda SSD yoyote ile. Nasema uchukue NVMe kwa sababu itahama nawe na haina waya wa kuhangaika nao. Hadi diski ya zamani ibaki kama ghala la video ulizomaliza.

Kwa RAM, matatizo yako ni mawili: uchache, na kijiti kuwa kimoja. Prosesa yako inaweza kusoma njia mbili za RAM kwa wakati mmoja, lakini njia ya pili haina kijiti, kwa hiyo unatumia nusu ya upana wa barabara. Ukiweza, nunua jozi ya vijiti viwili vya GB 8 vinavyouzwa pamoja, na uchukue vya DDR4-3200 hata kama muuzaji atakwambia bodi yako haifiki huko. Ni kweli haifiki: vitashuka vyenyewe hadi 2400, ambao ndio mwisho rasmi wa i5-7400. Ila siku ukivihamishia kwenye bodi mpya vitakimbia kwa 3200 bila kulipia tena. Bajeti ikikataa jozi, tafuta kijiti kimoja cha GB 8 kinachofanana na ulichonacho, hata kilichotumika, na ukipime usiku mzima kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kabla ya kukiamini. RAM mbovu hainyamazi tu. Inaharibu mafaili polepole na hutajua ni lini ilianza.

Na usiidharau hiyo DDR4. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani kote, kwa kuwa watengenezaji wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. DDR4 nayo imeguswa. Ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisikubaliane na rafiki yako. DDR5 ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kuichagua leo kwa bajeti finyu maana yake ni kununua vitu vitatu kwa mkupuo, prosesa, bodi na RAM, na kile cha tatu ndicho kilichopanda zaidi, huku cha kwako kinachofanya kazi ukikitupa. Bodi za AM5 za AMD, zilizoanza 2022, zinakubali DDR5 tu. Bodi za LGA 1851 za Intel, zilizoanza 2024, vivyo hivyo. Kijiti chako cha DDR4 hakiingii huko hata kwa nyundo. Mwanya wa katikati ya kijiti umehamishwa makusudi.

Weka SSD na RAM, tumia wiki mbili, kisha rudia kipimo cha kutoa video. Kama viini vyote vinne bado vinagonga dari na muda unakuumiza, sasa una haki ya kufikiria prosesa na bodi, na utakuwa unajua kwa nini.

Ikifika hapo, una njia kama tatu. Ya kwanza ni i7-7700, prosesa ya juu kabisa yenye maana kwenye bodi yako. Viini vinne vilevile, ila nyuzi nane na kasi hadi 4.2 GHz. Ingekusaidia, sikatai. Lakini kila mwenye bodi ya mfululizo wa 100 au 200 anaisaka hiyohiyo, kwa hiyo iliyotumika huuzwa ghali kuliko thamani ya kazi yake, na baada yake hakuna ngazi nyingine ya kupanda. Zaidi ya hayo haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuweka pesa kwenye prosesa isiyotambulika rasmi na Windows inayoendelea kutunzwa, wakati huu, mimi nisingeweza kumshauri mtu ninayemjali. Ipo hali moja tu ambayo ningeiruhusu: ukiipata kwa bei ya kutupa, nawe una mpango wa kuhamia Linux.

Njia ya pili ni AM4 ya AMD: Ryzen 5 5600 kwenye bodi ya B550. Viini sita, nyuzi kumi na mbili, hadi 4.4 GHz, wati 65, na DDR4 yako inaingia. Ni ngazi kubwa kutoka ulipo. Bodi za B450 ni rahisi zaidi nazo zinaikubali, ila iliyokaa dukani au stoo muda mrefu inaweza kuwa na BIOS ya kabla ya mfululizo wa 5000, na prosesa mpya haitatoa picha mpaka BIOS isasishwe. Kama bodi ina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, hilo halikusumbui. Kama haina, mwombe muuzaji aisasishe na akuonyeshe inawaka kabla hujaondoka nayo. Kumbuka pia kwamba 5600 haina grafiki ya ndani. GTX 1060 yako ikifa, skrini inakuwa giza hadi upate kadi nyingine.

Njia ya tatu ni LGA 1700 ya Intel: Core i5-12400 kwenye bodi ya B660 ya DDR4. Viini sita, nyuzi kumi na mbili, hadi 4.4 GHz. Kwa gemu, hiyo na Ryzen 5600 zinakaribiana kiasi kwamba nisingekulaumu ukichagua kwa bei peke yake. Kwa wewe unayehariri video, mimi ningeelekea huku, na ningechukua 12400 yenyewe, si ile yenye herufi F mwishoni. Herufi F maana yake grafiki ya ndani imezimwa. Hiyo grafiki ya ndani ni dhaifu kwa gemu, lakini ina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video iitwayo Quick Sync, na programu nyingi za kuhariri zinaitumia. Inafungua hata aina za HEVC (mtindo wa kubana video) ambazo kamera nzuri hurekodi na GTX 1060 haiziwezi. Simu yako huenda haijafika huko. Ukinunua kamera mwakani utanikumbuka.

Kwa soketi hii uwe makini na jambo moja: bodi za LGA 1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na hutapata bodi ya kawaida inayokubali zote mbili kwa pamoja kwa matumizi yako. Majina yanaweza kufanana kwa kila herufi isipokuwa D4 au DDR4 mwishoni. Soma boksi, si tangazo. Na ukiona i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika inauzwa kwa bei ya kushawishi, ipite. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa nyingi za vizazi hivyo zilikuwa zinapewa volti za juu kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati; ilitoa masasisho ya kuzuia, lakini iliyokwisha kuumia hairudi. Kizazi cha 12 hakimo kwenye tatizo hilo.

Kabla hujafika kwa muuzaji yeyote, hesabu vile vitu ambavyo watu huvisahau. Kipoozeo chako cha sasa hakiingii LGA 1700, matundu yamesogezwa. Prosesa ya boksi ya 12400 huja na chake, ile inayouzwa bila boksi huja mikono mitupu. Pawa saplai ya wati 450 inatosha, maana GTX 1060 imepangiwa wati 120 na 12400 inaweza kufika 117 ikisukumwa, lakini angalia kama ina kichwa cha pini nane cha kulisha prosesa, na kama ni ya kampuni inayoheshimika. Ya bei ya chini iliyofanya kazi tangu 2017 ningeibadilisha pamoja na bodi. Kasha nalo: kama ni dogo, chagua bodi ya micro-ATX. Jumlisha vyote hivyo kwenye karatasi moja. Jumla ikikaribia bei ya kompyuta nzima iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 10 au zaidi, simama ufikiri upya.

Ila ukifikiria kompyuta nzima iliyotumika, zile za maofisini zenye makasha membamba zina mtego wao. Nyingi zina pawa saplai ya umbo lake yenyewe, wati chache, na hazina waya wa pini sita wa kuilisha GTX 1060. Bodi nayo ina plagi zake zisizolingana na za kawaida. Fungua kifuniko uone kwa macho kabla ya kulipa.

Kuhusu vilivyotumika kwa ujumla: prosesa iliyotumika siiogopi, ni nadra kufa. Bodi iliyotumika naiogopa. Kwenye LGA pini haziko kwenye prosesa, ziko ndani ya soketi, nyembamba kuliko nywele, na kidole kimoja kilichoteleza kinatosha. Muombe muuzaji afungue kifuniko cha soketi. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni karibu na usawa wa bodi, si juu, halafu zungusha bodi taratibu. Pini zima zinameta kwa mistari iliyonyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba. Iliyopinda itavunja mstari: nukta moja inameta wakati jirani zake zimezima. Ukiiona moja tu, rudisha bodi mezani kwa upole na uage. Anaweza kukuapia kwamba inafanya kazi, na huenda ni kweli, mpaka utakapoweka kijiti cha pili cha RAM ndipo ujue ile pini ilikuwa ya njia gani.

Nawe ukiiuza B250 yako, rudishia kifuniko cha plastiki cha soketi. Kama ulikitupa, iuze prosesa ikiwa ndani yake.

La mwisho, Windows. Mara nyingi ukihamisha diski kwenye bodi mpya Windows itawaka na kujitafutia dereva. Hata hivyo, kwa kompyuta iliyopigwa Windows mwaka 2017 nakushauri upige upya kwenye ile SSD. Kuna uwezekano diski yako ilipangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na Windows 11 inataka UEFI (BIOS ya kisasa), mpangilio mpya wa GPT na TPM 2.0 (sehemu ya kutunza funguo za usalama). Kwenye bodi za Intel TPM hiyo imo ndani ya BIOS kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM. Huna haja ya kununua kitu, ni kuiwasha tu.

Kabla ya kuchomoa chochote, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft ukiwa bado kwenye bodi ya zamani, uhakikishe leseni imeunganishwa nayo. Leseni uliyonunua peke yake inahamishika. Ile iliyokuja imefungwa kwenye kompyuta ya kiwandani hufia na bodi yake. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kwa sababu bodi ikibadilika utaulizwa, na bila ufunguo huo video zako zote zitakuwa mbele ya macho yako na hutazifikia. Nakili za muhimu kwenye diski ya nje hata kama una hakika.

Na siku ya kupiga Windows, chomoa waya wa hadi diski ya zamani, iache SSD peke yake. Ukiiacha imechomekwa, kisakinishi wakati mwingine huweka sehemu ya kuwashia kwenye hadi diski na Windows yenyewe kwenye SSD, bila kukuuliza. Hutaona kasoro yoyote mpaka siku hadi diski itakapokufa, ndipo kompyuta ikatae kuwaka na wewe uanze kuilaumu bodi mpya. Malizia kusakinisha, iwashe na kuizima mara mbili, kisha zima kabisa ndipo urudishe ule waya.